Nilivyokwenda Buseresere Kuchukua Feni

Tangu nirudi, kila anayepita barazani kwangu ananiuliza swali lile lile. "Fundi, uliondoka na feni mbovu kwenda kuchukua feni mbovu, ukarudi na feni mbovu. Ulikwenda kufanya nini?" Nimechoka kumjibu mmoja mmoja. Naandika mara moja tu, nyote wenzangu wa kahawa hapa Shinyanga msome, na mkimaliza mnirudishie karatasi zangu, maana siku hizi hata karatasi ni kitu cha kutafuta.

Nawaambia mapema kwamba safari yenyewe sikuielewa. Kila nilipofika kulikuwa na jambo ambalo watu wote wanalijua isipokuwa mimi. Nitawasimulia kama nilivyoliona, na nyinyi mchanganyikiwe kidogo kama nilivyochanganyikiwa mimi.

Shinyanga, kabla lori halijawaka

Mnanijua kwa mafeni. Mke wangu, Mama Nyanzala, anasema nyumba yetu ina mafeni kuliko viti, na hasemi uongo. Nina pangaboi la mapanga ya mbao lililotoka kwenye ukumbi wa sinema. Nina feni ya ukutani iliyokuwa kwenye kinu cha pamba, ambayo nilipoifungua niliikuta imejaa pamba tumboni mpaka nikadhani nimenunua mto wa kulalia. Napenda feni za zamani kwa sababu waliozitengeneza walijua kwamba siku moja mtu atazifungua. Unalegeza skrubu, unakwangua grisi iliyoganda, unabadilisha utambi unaonyonya mafuta, unasugua shaba kwa ndimu na majivu, na kitu kilichonyamaza tangu enzi za Mwingereza kinaanza kuzunguka. Mimi raha yangu ni hiyo, wengine wana mpira na wengine wana pombe.

Lakini ile niliyoipenda kuliko zote haikuwa nzima. Ni feni ya mezani, kitako chake cha chuma kizito, mapanga manne ya shaba. Zilikuwa mbili za namna moja. Mimi na rafiki yangu Masanja tulizikuta kwenye vyuma chakavu tulipokuwa vijana katika karakana ya umeme ya mgodi wa almasi, upande wa Songwa. Msimamizi akatuambia tuzichukue tumwondolee uchafu. Tukagawana moja moja. Baadaye mimi nikaja mjini, Masanja akaoa, akahamia Buseresere, huko mbele ya Geita kwenye barabara ya Biharamulo, na feni yake akaondoka nayo.

Sasa sikilizeni ugonjwa wa kila moja. Yangu mota ni nzima, ila gia ya shingo imelika meno, kwa hiyo inapuliza upande mmoja tu, haigeuki. Ya Masanja shingo ni nzima kabisa, ila koili za mota zimeungua. Ukizikutanisha unapata feni moja kamili. Gia ile hakuna duka linaloiuza, na waya wa kopa wa kusukia koili miaka hii huupati hata ulie. Basi nikamtumia Masanja salamu: nipe gia. Akanijibu: nipe mota. Nikamwambia hupati. Akasema wewe ndiye hupati.

Salamu hizo zilibebwa na Maganga, dereva wa lori, ambaye huja huku na pamba na kurudi kule na chumvi. Kila akija huegesha, hunisalimia, hunywa maji, na kabla sijamuuliza husema, "Masanja anasema hatoi." Nami humjibu, "Mwambie na mimi sitoi." Miaka imepita hivyo, hatujatembeleana hata mara moja, na kila mtu alijua kwamba mmoja wetu siku moja atachoka.

Msimu huu Maganga alikuja, akasalimia, akanywa maji, akazungushazungusha kikombe kitupu. Halafu akasema, "Fundi, kwa Masanja wametuma ujumbe. Uende ukachukue feni."

Niliruka juu. Nilimshika Maganga mikono nikamchezesha pale pale uani. Nimemshinda! Masanja amechoka! Maganga alijitoa mikononi mwangu taratibu akaenda kukagua tairi za lori lake, ambazo alikuwa ameshazikagua. Mimi nikakimbilia ndani nikaitia feni yangu kwenye gunia pamoja na bisibisi na kopo la mafuta. Shabaha yangu ilikuwa kuifunga ile gia palepale mezani kwa Masanja, kabla hajabadili mawazo.

Mama Nyanzala akatoka kuongea na Maganga. Aliporudi hakunigombeza hata kidogo. Alifungua sanduku lake, akatoa sukari aliyoificha kwa ajili ya Krismasi, sukari ambayo mimi nilikatazwa hata kuinusa, akaiweka kwenye mkoba wangu. "Kaa huko mpaka watakaposema basi," akaniambia. Mwanamke ambaye nikienda sokoni nikachelewa ananiulizia kwa majirani! Hapo ndipo nilipoanza kutoelewa.

Shinyanga mpaka Kahama

Mwenye akili zake, akitaka kwenda Geita, hupitia Mwanza na kuvuka kwa kivuko. Sisi tulipitia Kahama kwa sababu lori la Maganga lilikuwa na chumvi ya watu wa Kahama na Segese, na lori halina habari na akili zako.

Kabla hatujafika Isaka pancha ikatusimamisha. Tulikaa kando ya barabara tukila matobolwa aliyotufungia Mama Nyanzala, vile viazi vitamu vikavu vilivyochemshwa, pamoja na karanga. Mimi nilikuwa naongea peke yangu. Nilimsimulia Maganga jinsi nitakavyoingia kwa Masanja, jinsi nitakavyomwambia alete feni kwa mikono miwili kama mtu aliyeshindwa vita. Maganga kwa kawaida ni mtu wa maneno. Akiendesha huimba, akipumzika hutania. Siku hiyo alikuwa akitafuna na kutazama mbuga.

"Unaumwa?" nikamuuliza.

"Siumwi, fundi. Kula."

Kahama tulilala kwa Mama Asha, mama wa makamo mwenye nyumba ya wageni karibu na soko. Sisi wawili tuna ugomvi wa zamani. Katika chumba cha mwisho ana pangaboi zuri sana, zito, la zamani, linalolia kama mlango mbovu. Mara ya mwisho nilipolala pale nilipanda kitandani na viatu ili nilifungue, akaniingilia na ufagio, akaapa kwamba nikiligusa tena atanipeleka kwa balozi.

Safari hii Maganga alitangulia kuingia. Nilipoingia mimi, Mama Asha alisimama, akajitanda khanga vizuri, akanishika mkono kwa mikono yake yote miwili.

"Pole sana, kaka yangu."

"Pole ya nini, Mama Asha?"

Akamwangalia Maganga. "Ya safari."

"Safari gani, na ndiyo kwanza tumetoka Shinyanga?"

"Hata hivyo. Pole."

Akaniletea wali na nyama ya mbuzi ambavyo sikuviagiza. Nilipomtania kwamba leo nimekuja kumwibia pangaboi, alisema, "Panda tu, fungua. Vua viatu, au hata usivue." Nikapanda. Alinishikia taa ya chemli mwenyewe, umeme ulikuwa umezimwa. Nilikuta beringi imekauka kabisa, nikaiosha kwa mafuta ya taa, nikaitia grisi. Muda wote huo mwanamke yule alikuwa akinitazama kwa huruma kutoka chini, na mimi nilikuwa nimesimama juu ya godoro lake na soksi zilizotoboka nisijue nimemfanyia jema gani. Asubuhi alikataa malipo ya chumba.

Kahama mpaka Segese

Barabara ya kwenda Segese ni vumbi kiangazi na uji masika, na sisi tuliikuta inahama kutoka vumbi kwenda uji. Tulifika mchana. Pale wachimbaji wa dhahabu walikuwa wengi kuliko miti, wamepakaa udongo mpaka kwenye kope, kila mtu anazungumzia duara lake, ndivyo wanavyoliita shimo. Maganga akaenda kushusha chumvi, mimi nikaingia kwenye banda la chakula.

Macho yangu hayakutafuta chakula. Juu ya paa la banda la jirani kulikuwa na kitu cha mviringo cha waya, dagaa wameanikwa ndani yake. Nikakijua kwa mbali. Ulikuwa wavu wa feni, ule unaokinga mapanga, tena wa zamani, wenye nyaya zilizopindwa kwa mkono kama ua. Wa feni yangu moja kule nyumbani una pengo. Nikauliza mwenyewe ni nani, wakanionyesha mchimbaji mmoja mnene mwenye kofia ya chuma, wanamwita Ngosha.

Wachimbaji hawatoi kitu bure. Nilijua nitachunwa. Nikaanza kwa mbali, nikawasimulia habari za feni yangu na ya Masanja, miaka yote ya hatoi na sitoi, na jinsi Masanja alivyosalimu amri. Walikuwa wanacheka sana. Mmoja aligonga meza. Wakati huo Maganga aliingia, akamwinamia Ngosha sikioni, akasema neno, akatoka.

Nikaendelea: "Na nikifika, namvua feni yake huku ananiangalia!"

Hakuna aliyecheka. Ngosha alivua kofia yake ya chuma akaiweka magotini. Yule aliyekuwa akigonga meza alitazama sahani yake. Kisha Ngosha akainuka, akaenda kwenye lile paa, akawamwaga dagaa juu ya gunia, akaupangusa wavu kwa shati lake mwenyewe.

"Chukua, mzee."

"Kiasi gani?"

"Nenda nao tu, mzee wangu. Na Mungu akutie nguvu."

Nilitoka pale nikiwa nimekumbatia wavu unaonuka dagaa, nimefurahi na nimeogopa. Nilijaribu kupata maelezo. Labda Maganga amewaambia mimi ni askari kanzu. Lakini nani anamtakia askari nguvu? Labda amewaambia nina wazimu wa mafeni. Hilo lingeeleweka, lakini Mama Asha ananijua siku nyingi na wazimu wangu hajawahi kuuonea huruma.

Ndipo wazo lingine likanijia. Kabla ya safari nilikuwa na kikohozi, nikaenda zahanati, mganga akanipima, akampa Mama Nyanzala dawa mkononi, akaongea naye pembeni. Sukari ya Krismasi. Kaa huko mpaka watakaposema basi. Pole, kaka yangu. Mungu akutie nguvu. Jamani, ninayekufa ni mimi!

Nilipanda lori nikajitazama kwenye kioo cha pembeni. Nikatoa ulimi. Ulikuwa na rangi ambayo sikuipenda.

Segese mpaka Geita

Mvua ilitukuta njiani, lori likazama mpaka kwenye ekseli. Watu walitoka mashambani na majembe kutusaidia, mimi nikakatazwa kushika jembe. "Wewe kaa, fundi," Maganga akasema. Nikakaa juu ya gunia langu, nimefunikwa turubai kama mgonjwa, nikahesabu mapigo ya moyo, nikapotea, nikaanza upya. Niliwaza nani atazichukua feni zangu. Mama Nyanzala atazitoa kwa watu wa vyuma chakavu kabla ya siku ya tatu, hilo nilikuwa na hakika nalo.

Lori lilipotoka na tukaanza kutembea tena, nikashindwa kuvumilia.

"Maganga, wewe ni rafiki yangu. Niambie ukweli. Mimi naumwa nini?"

Akageuka akaniangalia, karibu atutie mtaroni. "Nani kasema unaumwa?"

"Kila mtu ananipa pole. Mama Asha kanipa mbuzi. Mchimbaji kanipa mali bure. Mke wangu kanipa sukari. Nina muda gani?"

Maganga alicheka. Alicheka mpaka akasimamisha lori, akaweka kichwa kwenye usukani, na mabega yakaendelea kutikisika hata baada ya sauti ya kicheko kwisha. Alipoinua uso ulikuwa umelowa.

"Wewe ni mzima, fundi. Wewe ni mzima kabisa."

"Sasa mbona unalia?"

"Nimecheka sana," akasema, akatia gia.

Nilifurahi kwamba ni mzima, lakini nikawa sielewi hata kidogo. Geita mjini alisimama sokoni akanunua unga wa mahindi gunia zima na dagaa. Nikamuuliza ni biashara gani hiyo. Akasema huwezi kwenda kwa watu mikono mitupu. Nikamwambia nakwenda kuchukua feni, siendi kuoa. Akasema, "Toa na wewe chochote ulicho nacho, tununue mafuta ya kupikia." Nikatoa, nikinung'unika njia nzima kwamba Masanja amejua kuniuzia gia yake kwa ujanja.

Buseresere

Tulifika jua likiwa limeanza kulala. Nyumba ya Masanja iko nyuma ya maduka, ya matofali ya kuchoma, yenye uwanja mkubwa uliofagiliwa. Kulikuwa na watu wengi wamekaa kwenye mikeka, wanawake upande mmoja, wanaume upande mwingine. Nikadhani kuna sherehe. Nikadhani, Mungu anisamehe, kwamba Masanja amewaita watu waje waone nikimshinda.

Mzee mmoja alikuja kutupokea, mrefu, mwenye paji la uso la Masanja mtupu. Huyo ni Mzee Ndaki, kaka yake mkubwa.

"Shikamoo, kaka."

"Marahaba, mdogo wangu. Karibu. Karibu nyumbani."

Mama Kabula, mke wa Masanja, alikuja na maji ya kunawa. Nilikuwa sijamwona tangu harusi yao. Alipiga goti kidogo akanisalimia, shemeji habari za Shinyanga, nikasema nzuri. Nikamuuliza, "Yuko wapi mtu wangu?" Akasema, "Kula kwanza, shemeji." Wakaleta ugali wa muhogo na sato mzima. Mimi nina njaa, nina furaha, nimeshika gunia langu kati ya miguu. Nikapaza sauti kuelekea chumbani: "Masanja! Toka ujisalimishe! Nimekuja na bisibisi yangu!"

Watu uwanja mzima waliinamisha vichwa. Hata watoto.

"Kula, mdogo wangu," akasema Mzee Ndaki. "Ule ushibe."

Nikala. Kila nikisimamisha mkono wananiambia kula. Nilipomaliza nikanawa, Mzee Ndaki akahama na kigoda chake akakaa karibu nami, goti kwa goti. Wanaume wawili wakasogea, mmoja kila upande wangu.

"Mdogo wangu," akasema, "rafiki yako hayupo. Homa ilimchukua. Tulimzika mvua za huku za mwanzo zilipokuwa zimekata barabara, hatukuwa na njia ya kukuletea habari. Alisema neno moja juu yako. Alisema, nikiwa hai haipati feni yangu, lakini nikifa aitwe aje aichukue."

Ndipo wanawake, ambao walikuwa wamezuia sauti zao tangu lori lilipoonekana, wakaziachia. Nami nikaelewa wale wanaume wawili walikaa kwa ajili gani, kwa sababu nilijaribu kusimama na wao ndio walionishika. Nililia, wenzangu. Sioni haya kuwaambia. Nililia kwa Masanja, na nililia kwa zile kelele zangu za bisibisi.

Nilipopata pumzi nikamgeukia Maganga kwa hasira. Nikamwambia amenifanya mpumbavu kutoka Shinyanga mpaka Buseresere, nimecheza ngoma uani kwangu kwa sababu ya msiba.

"Ningekuambia Shinyanga," akasema, "ungekula nini njiani? Na kule kwenye matope nani angekushika? Mtu haambiwi msiba akiwa barabarani, fundi. Anaambiwa akiwa ameketi, amekula, ana watu pembeni."

Nilijua hayo. Mimi mwenyewe nimewahi kumsindikiza mtu hivyo, nikimwambia mama yako anaumwa kidogo. Sikujua tu kwamba ukiwa wewe ndiye unayesindikizwa huoni kitu.

Siku ya kuanua tanga

Walinipeleka kaburini, nikasimama pale, nikamtupia Masanja udongo wangu. Siku ya kumaliza msiba ukoo ulikaa, nguo zake na vifaa vyake vikatolewa, vikapewa watu. Mwisho Mzee Ndaki aliingia ndani akatoka na feni ameibeba kwa mikono miwili, kama nilivyosema itakavyokuwa. Akaniwekea mapajani.

Sijawahi kuona shaba inayong'aa vile. Nilipitisha kidole kwenye mapanga, hakuna doa. Nikachungulia utambi, umelowa mafuta mapya. Nikashika shingo nikaigeuza kwa mkono, kushoto, kulia, laini kabisa. Halafu, kwa mazoea tu, nikainua macho kutafuta soketi ukutani. Hakukuwa na soketi. Wala waya. Nilitazama maduka ya mbele, nikatazama barabara yote. Hakuna nguzo hata moja.

Watu walipotawanyika nikamwita Mama Kabula.

"Shemeji, hapa umeme uko wapi?"

"Hapa? Hakuna."

"Ulikatika lini?"

"Haujawahi kuwapo, shemeji. Tangu tuhamie."

Nikabaki nimeshika ile feni. Nawaambia, katika safari yote hiyo hakuna nilipochanganyikiwa kama hapo. "Sasa mota yangu aliitakia nini? Hata ningempa, angeiwasha na nini? Na mimi mwenye umeme, kwa nini alininyima?"

Mama Kabula alikaa chini kwenye mkeka, akanyoosha miguu.

"Kila Jumapili akitoka kanisani aliitoa ndani. Anaisugua kwa ndimu, anaitia mafuta, anaigeuza shingo, hivi na hivi. Mimi nikamwambia, Baba Kabula, mpe mwenzio, yeye ana umeme, wewe unasugua chuma tu. Unajua alinijibu nini?"

"Alijibu nini?"

"Alisema, 'Nikimpa, Maganga atakuwa anasimama hapa kuniambia nini?'"

Nikaishika ile shingo nikaigeuza, kushoto, kulia. Akaniangalia kidogo, akauliza kwa upole, "Na wewe, shemeji, angekupa ile gia, ungemtumia salamu gani?"

Nimelifikiria swali hilo kutoka Buseresere mpaka hapa nilipokaa. Jibu si zuri. Nadhani ningemtumia asante, mara moja.

"Kuanzia sasa Maganga atapita tu," akasema Mama Kabula, akitazama barabara. "Hana sababu ya kusimama."

Kurudi

Asubuhi ya kuondoka nilitandika gunia uwanjani nikazifungua zote mbili. Nilitoa gia ya Masanja nikaijaribu kwenye shingo ya feni yangu. Iliingia kama imezaliwa humo. Ilibaki skrubu moja niondoke na feni nzima, feni niliyoitafuta tangu nywele zangu zikiwa nyeusi. Nilikaa nimeishika ile skrubu mpaka Maganga akapiga honi.

Nikaitoa ile gia. Nikairudisha ilikotoka, nikazifunga feni zote mbili zilivyokuwa. Yangu nikaipangusa, nikaingia nayo ndani, nikaiweka juu ya meza ndogo ilipokuwa ikikaa ya Masanja. Ya Masanja nikaitia kwenye gunia.

Mama Kabula alinifuata mlangoni. "Shemeji, umesahau yako."

"Sijaisahau. Hiyo ndiyo yenye mota nzima. Nikiitaka nitamtuma Maganga aje aiombe."

Alinitazama, akaitazama ile feni, akaanza kucheka huku amejiziba mdomo kwa khanga. Ilikuwa mara ya kwanza nimsikie akicheka tangu nifike.

Maganga ndiye aliyechanganyikiwa wakati wa kurudi, na nilimwacha achanganyikiwe, ilikuwa zamu yake. "Fundi, umeacha inayozunguka umebeba isiyozunguka," alisema Geita, akasema Segese, akasema Kahama. Kwa Mama Asha pangaboi lilikuwa halilii tena. Mama Nyanzala alinipokea mkoba, akaniuliza kama nilikula kabla ya kuambiwa. Nikamwambia nilikula. Akasema afadhali.

Hiyo ndiyo habari yenyewe, na ndiyo maana feni iliyoko mezani kwangu inageuza shingo kwa mkono na haipulizi. Naisugua Jumapili.

Juzi Maganga alikuja na pamba. Aliegesha, akanisalimia, akanywa maji, akafuta mdomo.

"Nimepita Buseresere," akasema. "Mama Kabula anasema hatoi."

Nikamwambia, "Mwambie na mimi sitoi." Kisha nikaingia ndani kutafuta ndimu.